Maisha ya Daktari Matthew Lukwiya wa Lacor

Na mwanafunzi wa zamani, Bilpam, Juba

Mhariri wa gazeti letu aliniandikia akiniomba niwaletee habari za mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, ambaye maisha yake yaweza kuwafaa vijana walioko shuleni. Nilifikiri siku nyingi. Majina ya wafalme na wapigania uhuru mnayajua ninyi wenyewe, na vitabu vyao vimo katika maktaba. Mwishowe nikamchagua daktari mmoja Mwacholi, aliyezaliwa Kitgum na kufia Gulu, mahali ambapo mtu akitoka Juba alfajiri kwa gari aweza kufika kabla ya usiku. Jina lake ni Matthew Lukwiya. Wengi wenu mlikuwa bado kuzaliwa alipokufa mwaka wa 2000.

Kwanza niwaeleze kwa nini nimemchagua yeye. Mimi nakaa Bilpam, upande wa mji wa Juba yaliko makao makuu ya jeshi la Sudani ya Kusini. Si mwanajeshi. Nakaa kwa mjomba wangu, nami nasomea shahada ya pili katika afya ya jamii. Kazi yetu sisi wanafunzi wa elimu hiyo si kupiga sindano wala kupasua watu. Kazi yetu ni kuuliza ugonjwa umetoka wapi, umempata nani, umepita njia gani, na njia hiyo itazibwaje. Elimu ya kufuata nyayo za maradhi namna hiyo huitwa epidemiolojia. Ukimwambia mtu kwamba unaisoma, atakuuliza kama wewe ni daktari. Ukijibu kwamba hapana, unahesabu tu, hukuonea huruma.

Basi siku moja nilitumwa pamoja na wenzangu kupita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za maji. Mnajua kwamba Juba iko kando ya Mto Nile, lakini watu wengi hawana bomba. Maji huvutwa mtoni, yakaletwa kwa magari ya tangi na kuuzwa mlangoni. Mwaka wa 2014 kipindupindu kiliingia mjini na kuua watu, ndiyo maana maswali yetu yalikuwa ya lazima: mnachota wapi, mnayachemsha, choo kiko umbali gani, je, katika juma hili mtoto yeyote ameharisha?

Siku ya tatu jua lilikuwa kali sana. Nilikuwa nimebakiwa na nyumba sita. Nikakaa chini ya mwembe, nikatoa karatasi zangu, nikazitazama zile nilizokwisha kuzijaza. Majibu yote yalifanana. Nikajiambia moyoni kwamba hata hizi sita majibu yake yatakuwa yaleyale. Nikachukua kalamu nikajaza mbili kwa kukisia.

Mjomba wangu alinikuta hapo. Yeye wakati wa vita vyetu alikuwa mkimbizi upande wa Gulu. Alipojua ninachofanya hakunigombeza. Alikaa kitako kando yangu, akaanza kunisimulia habari za daktari wa Lacor, na juu ya usiku mmoja ambao daktari huyo alikesha akisoma karatasi za watu waliokwisha kufa. Alipomaliza aliondoka, akaniacha na karatasi zangu. Tangu siku hiyo nimetafuta na kusoma kila nilichopata kuhusu Lukwiya, na haya ndiyo niliyoyakusanya.

Matthew Lukwiya alizaliwa tarehe 24 Novemba 1957 katika Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Nchi hiyo inapakana na nchi yetu, na Waacholi wako pande zote mbili za mpaka. Wale wa kwetu wako Magwi. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki. Matthew alipokuwa na umri wa miaka 12, baba huyo alizama majini akafa, naye mama akabaki na mzigo wa malezi. Mama alifanya biashara ndogo ya magendo. Alipakia majani ya chai juu ya baisikeli, akavuka mpaka mpaka Sudani, akayabadilisha kwa sabuni, akarudi nyumbani kuiuza. Kwa hiyo nasi watu wa upande huu tulikuwa na sehemu ndogo katika malezi ya mtoto yule, kwa kuwa sabuni yetu ndiyo iliyomlisha.

Miaka ile ilikuwa mibaya kwa Waacholi. Idi Amin alitwaa serikali mwezi wa Januari 1971, na askari wengi wa Kiacholi waliuawa, na watu waliosoma pia. Mtoto wa mjane mwenye baisikeli moja hakuwa na mtu wa kumsaidia isipokuwa akili yake. Lakini akili hiyo ilikuwa kubwa. Alifaulu mitihani yake vizuri, akapata msaada wa masomo mmoja baada ya mwingine, hata akafika Chuo Kikuu cha Makerere akasomea udaktari.

Mwaka wa 1983 alikwenda kufanya kazi ya mafunzo katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na mji wa Gulu. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka wa 1959 na wamisionari Wakomboni. Mwaka wa 1961 walifika hapo daktari Mwitalia aitwaye Piero Corti pamoja na Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada, wakaoana na kukaa miaka yote iliyobaki. Wazee hao wawili walikuwa wakitafuta mwenyeji wa kumwachia hospitali. Lukwiya hakuwa amekaa miezi mingi walipoona kwamba mtu wao ni huyu. Yeye hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mprotestanti mwenye imani kali, lakini jambo hilo halikumzuia mtu yeyote.

Tangu mwaka wa 1986 kaskazini mwa Uganda kulikuwa na vita. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi waliingia hospitali wakitaka kuwateka wauguzi. Lukwiya akajitokeza, akaomba wamchukue yeye badala yao. Wakamchukua. Alizunguka nao porini juma zima akiwa amevaa lile vazi lake la hospitali, ndipo wakamwachilia. Alirudi Lacor akaendelea na kazi. Tena, watu wa vijijini walipoanza kukimbia usiku kwa hofu ya waasi, aliwafungulia lango la hospitali, na maelfu walikuwa wakija kulala ndani ya ua jua linapokuchwa, wakirudi makwao asubuhi.

Karibu na mwaka wa 1990 alikwenda Uingereza, katika Chuo cha Tiba za Nchi za Joto cha Liverpool, akasomea shahada ya pili katika magonjwa ya watoto. Alipata alama za juu sana, hata wakubwa wa chuo wakamtaka abaki kuwa mwalimu. Fikirini, ndugu zangu: mshahara mzuri, mji wa amani, na watoto wake wangesoma bila kusikia bunduki. Alikataa akarudi Gulu.

Tarehe 1 Agosti 1996 Bibi Lucille alifariki dunia. Alikuwa ameambukizwa ukimwi kwa kujikata alipokuwa akiwapasua majeruhi wa vita, akafanya kazi miaka mingi akijua hivyo. Alizikwa palepale hospitalini. Lukwiya aliona kwa macho yake namna daktari anavyoweza kufa kwa kazi yake.

Sasa nakuja kwenye sehemu inayonihusu mimi hasa. Baada ya miaka hiyo yote, Lukwiya alirudi kuwa mwanafunzi. Mtu aliyepita miaka arobaini, aliyekuwa na shahada ya Liverpool na jina la kuongoza hospitali kubwa, alikwenda Kampala na mkewe na watoto, akaanza tena katika Makerere, safari hii kusomea shahada ya pili ya afya ya jamii. Watu wengine wangeona aibu kukaa darasani na vijana. Nadhani aliona kwamba daktari hutibu aliyelala mbele yake, lakini yuko mwingine njiani anakuja, na mwingine nyuma ya huyo, na kuwazuia hao kunahitaji elimu nyingine.

Alikuwa katika masomo hayo asubuhi ya tarehe 7 Oktoba 2000 simu ilipolia kutoka Lacor. Kulikuwa na ugonjwa usiojulikana, na wanafunzi wawili wa uuguzi walikuwa wamekwisha kufa. Aliacha vitabu, akasafiri, akafika jioni ileile. Usiku huo akamwona mwanafunzi wa tatu akifa mbele yake, akitapika na kutokwa damu.

Hapo ndipo ulipokuja usiku alionisimulia mjomba. Lukwiya na mtawa mmoja muuguzi walikusanya karatasi za wagonjwa 17 waliokuwa wamekufa karibuni kwa dalili zilizofanana, wakazisoma moja moja. Kisha akachukua maandishi ya Shirika la Afya Duniani na ya wataalamu wa Marekani kuhusu homa za kutokwa damu, akasoma mpaka usiku ukaisha. Kulipokucha alikuwa amekwisha kuwaza kwamba huenda ugonjwa huu ni Ebola.

Ili mjue uzito wa wazo hilo, sharti niwarudishe nyuma kidogo, tena katika nchi yetu wenyewe. Mwezi wa Juni 1976 ugonjwa mpya ulitokea Nzara, upande wa magharibi wa Ekwatoria, miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Kutoka Nzara ulifika hospitali ya Maridi, na hospitali yenyewe ikawa kama kuni juu ya moto, maana waliouguza wagonjwa waliugua wao. Hadi Novemba walikuwa wameugua watu 284, na 151 kati yao walikufa. Mgonjwa mmoja wa hesabu hiyo alikuwa hapa Juba. Wakati huohuo ugonjwa kama huo ulitokea Kongo, iliyoitwa Zaire siku zile, karibu na mto Ebola, ndiko lilikotoka jina. Lakini virusi vya Nzara ni vya namna nyingine, navyo mpaka leo huitwa virusi vya Sudani. Vilirudi Nzara na Yambio mwaka wa 1979. Baada ya hapo, miaka mingi ikapita bila vijiji vya Uganda kuujua.

Basi katika Uganda hakuna aliyekuwa akiutarajia. Homa huko ni jambo la kila siku, kwa kuwa malaria iko kila nyumba. Mgonjwa mmoja akifa kwa homa, hakuna anayeshangaa. Sisi hufundishwa kuuliza maswali matatu: ni nani, ni wapi, ni lini. Karatasi moja haiwezi kujibu. Lakini ukiweka karatasi 17 pamoja, ukaona kwamba dawa za kawaida hazikusaidia, na kwamba miongoni mwa wanaokufa wamo waliokuwa wakiuguza wengine, hapo karatasi zinaanza kusema.

Na karatasi hizo ziliandikwa na nani? Ziliandikwa na wauguzi na wanafunzi wa uuguzi, usiku, katika wadi zilizojaa. Waliandika joto la mwili saa waliyolipima, na damu walipoiona. Kama mmoja wao angechoka akajaza kwa kukisia, akaandika malaria kwa sababu wagonjwa wengi huwa na malaria, Lukwiya angekuwa na nini cha kusoma usiku ule? Elimu yake ya Liverpool na ya Makerere isingefaa kitu.

Palipopambazuka hakungojea barua zipite ofisi baada ya ofisi. Alimpigia simu moja kwa moja Daktari Sam Okware, mkubwa wa huduma za afya ya jamii katika wizara huko Kampala. Wataalamu wa virusi kutoka Entebbe walikuja kuchukua damu, ikapelekwa Afrika ya Kusini kupimwa. Majibu yalitoka kati ya mwezi wa Oktoba: ni Ebola, ya namna ile ya Sudani. Lakini Lukwiya hakuwa amekaa kungoja. Kabla ya majibu kufika alikuwa amekwisha kutenga wadi moja, akaifuata ile miongozo aliyoisoma, wagonjwa wakawekwa humo, na wauguzi wakavikwa magauni, glavu, barakoa na mabuti. Wageni wa Shirika la Afya Duniani walipofika walikuta kazi imekwisha anzwa.

Vijijini nako ugonjwa ulikuwa na njia yake. Ulipita katika mikono ya wapendao, yaani yule anayemlisha mgonjwa, anayemfua nguo, anayemwosha maiti na kumlilia. Ilikuwa kazi ngumu kuwaambia watu wasiwaoshe wafu wao. Lakini kuna jambo moja ambalo napenda mlijue. Waacholi wana desturi ya zamani kwa maradhi ya namna hiyo, ambayo wao huyaita gemo. Gemo ikiingia, mgonjwa hutengwa katika nyumba ya mbali, mabua marefu huwekwa kuwa alama ili wageni wasiingie, anayemhudumia huwa mtu aliyekwisha kuugua akapona, na safari kati ya vijiji hukatazwa. Wataalamu waliokuja kuchunguza baadaye walikuta kwamba desturi hiyo ilikubaliana sana na mambo waliyokuwa wakiyafundisha wao. Kumbe wazee waliokuwa hawajui kusoma walikuwa na epidemiolojia yao.

Mwezi wa Novemba ulikuwa mzito kupita yote. Wauguzi wa Lacor walikuwa wakifa mmoja mmoja, pamoja na kuvaa nguo za kinga. Siku moja walikufa watu saba, na baadhi yao walikuwa wafanyakazi wa hospitali. Wafanyakazi wapatao 400 wakakusanyika katika shule ya uuguzi, wengi wakitaka hospitali ifungwe. Ni nani awezaye kuwalaumu? Walikuwa na watoto nyumbani. Lukwiya alisimama mbele yao. Hakuwatisha wala hakumlazimisha mtu. Aliwakumbusha siku ile alipojitoa kwa waasi, akawaeleza kwamba hospitali ikifungwa yeye ataondoka Gulu asirudi tena. Walisemezana saa nyingi. Mwishowe wakakubali kubaki, na hospitali haikufungwa.

Katika mwezi huohuo, usiku mmoja kabla ya mapambazuko, aliamshwa usingizini. Muuguzi mmoja aliyekuwa mgonjwa wa Ebola alikuwa amechanganyikiwa, ameinuka kitandani, anakohoa damu na kutembea nje ya chumba chake. Wenzake waliogopa. Lukwiya alivaa haraka: gauni, glavu, barakoa, kofia na mabuti. Macho hakuyafunika. Alimshika yule kijana, akamrudisha kitandani, akamsafisha. Kijana alikufa.

Nimeufikiria sana usiku huo. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiwafundisha wengine kila siku wasiguse mgonjwa bila kujifunika vizuri. Yeye aliijua kanuni kuliko wote. Lakini alikuwa amefanya kazi majuma mengi bila kupumzika, ameamshwa usingizini, na mtu wake anahangaika mbele yake. Silisemi hili kwa kumlaumu. Nalisema kwa kuwa linatufundisha kwamba uchovu hausikilizi shahada ya mtu. Uchovu ule uliomfanya asahau miwani, ni ndugu wa uchovu ulionikalisha mimi chini ya mwembe, ila wangu ulikuwa wa uvivu na wake ulikuwa wa huruma.

Tarehe 26 Novemba alijisikia vibaya kama mwenye mafua. Kesho yake homa ilipanda. Damu yake ilipimwa, na mwisho wa mwezi ikajulikana kwamba ni Ebola. Akawekwa katika wadi aliyoitenga yeye mwenyewe. Mkewe alikuja kutoka Kampala, lakini hakuruhusiwa kumshika kama mke amshikavyo mume mgonjwa. Ilibidi afunikwe mwili mzima kama wauguzi. Daktari Matthew Lukwiya alifariki usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Alizikwa siku ileile huko Lacor, kando ya kaburi la Bibi Lucille. Wazikaji walivaa nguo za kinga, na watu walisimama mbali. Mzee Corti, aliyetegemea kumwachia hospitali, aliishi akamwona mrithi wake akitangulia. Yeye mwenyewe alikufa mwaka wa 2003.

Ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha mwezi wa Februari 2001. Katika Gulu, Masindi na Mbarara walikuwa wameugua watu 425, na waliokufa ni 224. Hesabu hiyo ni kubwa, na kila mmoja alikuwa na mama yake. Lakini ugonjwa uliogunduliwa baada ya karatasi 17, ungekuwaje kama ungegunduliwa baada ya 170? Virusi vile vya Sudani vimerudi Uganda mara kadhaa tangu hapo, kama mwaka wa 2022 na tena mwaka wa 2025, na kila mara watu walitenga wagonjwa na kufuata waliowagusa, kazi ambayo Lacor iliianza kabla ya majibu ya damu kutoka.

Sasa nirudi chini ya mwembe wangu. Mjomba alipoondoka nilizichana zile karatasi mbili nilizokuwa nimezijaza kwa kukisia. Asubuhi yake nilikwenda katika nyumba zote sita. Katika nyumba moja kati ya zile mbili nilikuwa nimeandika kwamba hakuna mtoto anayeharisha. Nilipobisha hodi, mama mwenye nyumba alitoka na mtoto begani, macho ya mtoto yameingia ndani. Alikuwa akiharisha tangu juzi. Tulimpa maji ya chumvi na sukari, kisha akapelekwa zahanati, naye alipona. Haikuwa kipindupindu. Lakini katika karatasi yangu ya kwanza mtoto yule alikuwa mzima kabisa, na mimi ndiye niliyemponya kwa kalamu, bila kumwona.

Ndugu zangu mlioko shuleni, najua wengi wenu mnataka shahada, nami sisemi msizitake. Lukwiya alikuwa nazo, na alitafuta nyingine hata siku ya mwisho. Ila katika masomo yenu ya sayansi mtaambiwa mpime joto la maji mara tano na kuliandika kila mara. Mara ya nne mtaona kwamba jibu mnalijua, na kengele ya chakula inakaribia kulia. Pimeni na mara ya tano. Hamjui ni nani atakayekesha akiisoma karatasi yenu.

Nanyi wanafunzi wa zamani wenzangu, mkipata safari ya kuja Juba kwa njia ya Gulu, barabara ni nzuri. Lami ya kutoka Nimule mpaka huku ni kilomita 192. Kabla hamjafika Nimule mtapita Gulu. Pumzikeni hapo kidogo, muulize njia ya Lacor. Kisha endeleeni na safari, mje Bilpam muulize nyumba ya mjomba wangu. Chai ipo, na siku hizi haiji kwa magendo.